Maji Yakifurika Ndani ya Nyumba

Wekeni kalamu na madaftari tayari, kwa maana leo tutasoma, tutaandika, na tutafanya hesabu.

Somo letu ni juu ya maji. Sisemi maji ya mto uliofurika ukachukua daraja. Nasema maji ya bomba, maji safi tuliyoyatafuta wenyewe, ambayo yamemwagika usiku yakaenea ndani ya nyumba.

Mambo haya hutokeaje? Wakaaji wa mijini wanajua vizuri. Mwezi wa Oktoba 2022 watu wa Dar es Salaam waliwekewa mgao wa maji, kwa sababu mto Ruvu ulipungua kwa ajili ya ukame. Nairobi nako mgao ulianza Januari 2017, maji ya bwawa la Ndakaini yalipopungua. Na maji ya mgao hayapigi hodi. Mtu hufungua bomba mchana, akalikuta kavu. Huliacha wazi na ndoo chini yake, ili maji yakija yaijaze. Maji huja saa sita usiku, watu wote wamelala. Ndoo hujaa, maji humwagika, hupita ukumbini, huingia vyumbani.

Kuna wengine wenye tangi la maji juu ya dari, na boya lake limekwama. Kuna wengine wanaofuga samaki wa mapambo katika tangi la kioo sebuleni. Mtu ametia mpira wa maji ndani ya tangi ili alijaze, mgeni akabisha mlangoni, na mpira ukasahauliwa. Njia ni nyingi, lakini shida ni moja: nyumba imelowa.

Wazee walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli, hatuwezi kuyarudisha yote ndooni. Lakini yale yasiyozoleka hukaushwa. Hilo ndilo neno kubwa la somo hili, na mwalimu aliandike ubaoni:

MAJI YALIYOJIFICHA NI MABAYA KULIKO MAJI TUNAYOYAONA.

Someni pamoja mara mbili. Sasa tuone kwa hesabu kwamba neno hilo ni kweli.

Hesabu

Bomba moja hujaza ndoo ya lita 20 kwa dakika 2. Basi kila dakika hutoa lita 10. Bomba hilo limetoa maji tangu saa 6 usiku mpaka saa 11 alfajiri. Hizo ni saa 5, yaani dakika 300. Zidisheni 300 kwa 10. Mmepata lita 3,000, ambazo ni ndoo 150. Na kwa kuwa lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, hizo ni kilo 3,000, yaani tani 3. Mita ya maji huhesabu lita 1,000 kuwa uniti 1, kwa hiyo usiku mmoja umekula uniti 3 zitakazolipiwa.

Sehemu kubwa ya maji hayo ilitoka mlangoni ikaenda zake uani. Tuseme chumba chako kina urefu wa mita 3 na upana wa mita 3, na asubuhi umekuta maji yamesimama sentimita 1 tu. Utasema ni kidogo. Lakini maji hayo ni lita 90, ndoo 4 na nusu. Umeyazoa kwa bakuli na matambara, ukapata ndoo 3, yaani lita 60. Lita 30 ziko wapi? Nyingine zimepita chini ya mlango. Zilizobaki zimenyweka ndani ya ukuta, ndani ya godoro, katika miguu ya kabati na katika gunia la mahindi. Sakafu inang'aa, umeridhika, unafunga mlango na kwenda kazini. Hapo ndipo hasara inapoanza.

Jambo la kwanza: umeme

Kabla ya kuzoa hata tone moja, ufikirie umeme. Maji na umeme havikai pamoja. Ikiwa waya wa kuongezea umeme umelala sakafuni ndani ya maji, au maji yamefika kwenye soketi ya ukutani, usiingie chumba hicho. Nenda ukazime swichi kuu ya nyumba. Uizime ukiwa umesimama mahali pakavu, na mikono yako iwe mikavu. Ikiwa swichi kuu yenyewe haifikiki ila kwa kukanyaga maji, usiiguse. Watoe watu nje, kisha waite mafundi wa shirika la umeme.

Redio, friji, feni na pasi zilizolowa zisiwashwe mpaka fundi amezitazama. Mwenye tangi la samaki na azime umeme kwanza, kisha ndipo atie mkono majini kuishika pampu. Samaki wanaweza kusubiri kidogo.

Jambo la pili: funga maji, amsha majirani

Umeme ukiisha kuzimwa, funga bomba. Kama bomba halifungiki, funga koki kubwa iliyo karibu na mita. Kisha piga hodi kwa majirani. Katika nyumba ya vyumba vingi maji hayajui kodi ya nani imelipwa. Hupita chini ya kila mlango. Sema waziwazi, "Hodi jirani, samahani kwa kukuamsha, maji yameingia ndani, tazama vitu vyako." Jirani akiamshwa mapema ataokoa godoro lake na unga wake. Asipoambiwa, atayakuta mwenyewe asubuhi, na ugomvi utakauka baada ya ukuta.

Jambo la tatu: toa maji, toa vitu

Sukuma maji kwa ufagio yaelekee mlangoni. Yaliyobaki yazoe kwa bakuli, kisha futa kwa matambara ukiyakamua kila mara. Usiyaache maji yasimame uani, wala ndani ya makopo na matairi. Mbu huweza kutoka katika yai mpaka kuruka kwa siku 7 hadi 10 hivi.

Vitu vyote vinavyoweza kubebwa vitolewe nje. Kabati na kitanda visivyotoka viinuliwe juu ya matofali au vipande vya mbao, na visogezwe mbali na ukuta kiasi cha shibiri moja, ili hewa ipite nyuma yake. Mkeka na zulia visibaki sakafuni. Ukivua zulia utaona kwamba chini yake kuna maji ambayo macho hayakuyaona.

Jambo la nne: hewa na jua, siyo mkaa

Sasa, mabibi na mabwana, nawaomba mtulie mnisikilize.

Kuvu haina subira. Katika nyumba yenye joto kitu kilicholowa huweza kuanza kuota kuvu kwa saa 24 hadi 48. Kwa hiyo watu huona haraka, na haraka hiyo huleta fikira ya hatari. Mtu husema, "Nitatia jiko la mkaa chumbani, nifunge mlango na madirisha, joto likaushe ukuta usiku huu." Usifanye hivyo hata siku moja.

Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haikohozi mtu kama moshi wa kuni. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaodanganya zaidi. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, miguu huwa mizito. Kama amelala, haamki. Jenereta la mafuta nalo hutoa sumu hiyohiyo, kwa hiyo lisiwekwe ndani wala barazani karibu na dirisha. Ukuta uliolowa unaweza kupigwa lipu mpya. Mtu hana lipu.

Mwalimu aandike ubaoni, nanyi mwandike katika madaftari:

USIKAUSHE NYUMBA KWA JIKO LA MKAA.

Nyumba hukaushwa kwa hewa inayopita. Fungua dirisha la upande huu na mlango wa upande ule, ili upepo uingie na kutoka. Umeme ukiisha kuthibitishwa kuwa salama, weka feni mahali pakavu ielekee ukutani. Mvua ikinyesha na hewa ya nje ikiwa nzito, funga madirisha kwa muda, ufute maji yanayotoka ukutani, kisha ufungue tena mvua ikipita. Watu wa pwani wakati wa masika watahitaji siku nyingi zaidi kuliko watu wa Dodoma wakati wa kiangazi.

Ukuta

Mmepata kuona jinsi utambi wa kandili unavyopandisha mafuta kutoka chini kwenda juu? Ukuta hufanya vivyo hivyo. Ndani ya matofali na saruji mna vijitundu vidogo sana, na maji hupanda kwa njia hiyo. Kwa hiyo maji ya sentimita 1 sakafuni yanaweza kulowesha ukuta kupita kimo hicho mara nyingi.

Chukua penseli. Asubuhi ya kwanza piga mstari ukutani pale unyevu ulipofika, na uandike tarehe kando yake. Fanya hivyo kila siku. Mstari ukishuka, ukuta unakauka. Mstari ukipanda siku baada ya siku, basi maji hayajakwisha. Pengine yako chini ya kabati, au kuna bomba linalovuja ndani ya ukuta. Hapo soma mita ya maji usiku, funga mabomba yote, uisome tena alfajiri. Ikiwa namba zimesogea na hakuna mtu aliyetumia maji, mwite fundi bomba.

Ukuta wa matofali na saruji hukauka kwa majuma, haukauki kwa siku moja. Usipake rangi mapema, maana rangi itafungia maji ndani, kisha itavimba na kubanduka. Kuna njia rahisi ya kupima. Chukua kipande cha nailoni, ukibandike ukutani kwa karatasi ya gundi pande zote nne, hewa isipite. Kiache tangu jioni mpaka asubuhi. Ukiona vitone vya maji chini ya nailoni, ukuta bado.

Wenye nyumba za udongo na fito, au za matofali mabichi, watazame miguu ya ukuta upesi. Bonyeza kwa kidole. Kama udongo umekuwa laini kama ugali, au ufa mpya umetokea, au ukuta umeinama, watoto wasilale chumba hicho mpaka fundi amekiona. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa udongo ukianguka hauchagui aliyelala chini yake.

Milango ya mbao ikivimba isifunge, usimwite seremala airande siku hiyo. Ngoja ikauke. Ukiiranda ikiwa imevimba, ikikauka itaacha nafasi ya kupitisha paka.

Godoro, karatasi na chakula

Godoro la sponji lililolowa maji safi laweza kuokolewa. Liinue upande mmoja maji yashuke, likandamize kwa mbao, kisha lisimamishe juani na kugeuzwa mara kwa mara kwa siku kadhaa. Juu hukauka kwanza. Ndani hukauka mwisho. Godoro la sufi au pamba lifumuliwe, sufi itandazwe juani. Lakini ikiwa maji yalichanganyika na maji ya choo, godoro litupwe. Bei ya godoro jipya ni ndogo kuliko maradhi ya tumbo ya watoto.

Cheti cha kuzaliwa, hati ya kiwanja na kadi ya kliniki ya mtoto visianikwe juani wala kupigwa pasi. Vitandaze kivulini, vitu vikavu juu na chini, kama kitambaa safi cha pamba. Karatasi zilizoshikana usizivute kwa nguvu. Ngoja zianze kukauka, kisha zitenganishe polepole. Picha za ukumbusho zisuuzwe kwa maji safi, zikaushwe uso ukiangalia juu.

Sasa chakula. Unga uliolowa utupwe. Mahindi au karanga zilizolowa usiku huohuo zitandazwe juani siku hiyohiyo juu ya turubai, zigeuzwe, mpaka punje ikiumwa kwa jino ivunjike kwa ukavu. Zisipokaushwa upesi huota kuvu itoayo sumu, nayo huitwa sumukuvu. Mwaka 2004, nchini Kenya, hasa katika sehemu za mashariki kama Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa sumu hiyo. Uchunguzi ulionyesha kwamba mahindi yaliyowekwa nyumbani yakiwa na unyevu yalihusika. Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mahindi yaliyoota kuvu usiyale, wala usimpe kuku au ng'ombe, maana sumu hupita hata katika maziwa.

Kuvu ikiota ukutani

Ukiona madoa meusi au ya kijani ukutani, na kusikia harufu ya uvundo, kuvu imekwisha kuota. Mwenye pumu na mtoto mchanga wahamishwe chumba hicho. Funga pua na mdomo kwa barakoa au kitambaa kinene, vaa glavu, fungua madirisha. Usifagie kuvu kavu, maana vumbi lake litaenea nyumba nzima. Lowesha kwanza, sugua kwa sabuni na maji, kisha futa na ukaushe.

Wengine hutumia ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Katika lita 4 za maji usizidishe kikombe 1 kidogo cha chai. Usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo, wala siki, wala dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayounguza mapafu. Na hapa mnaona faida ya kujua kusoma. Karatasi iliyobandikwa kwenye chupa husema dawa iliyomo na namna ya kuitumia. Mwaka jana pengine chupa hiyo ilikuwa bubu mbele yako. Leo inasema nawe. Isome kabla ya kuifungua.

Zoezi la kuandika

Mpangaji na mwenye nyumba mara nyingi hugombana kwa sababu hakuna aliyeandika lolote. Maneno ya mdomo hubadilika, maandishi hukaa. Siku ileile maji yalipoingia, andika hivi:

Tarehe 14 Aprili. Maji ya bomba yameingia chumbani usiku. Vitu vilivyolowa: godoro 1, kabati 1, mahindi debe 1. Ukuta wa upande wa ukumbi umelowa shibiri 2 kutoka chini. Nimemwambia mwenye nyumba leo saa 3 asubuhi.

Nakilini maneno hayo kwa hati safi. Kisha kila mtu aandike yake mwenyewe, akitaja vitu vya nyumbani kwake.

Maswali

1. Kabla ya kuzoa maji, utafanya nini?
2. Chumba kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Maji yamesimama sentimita 1. Ni lita ngapi?
3. Kwa nini hatukaushi nyumba kwa jiko la mkaa?
4. Utajuaje kwamba ukuta umekauka vya kutosha kupakwa rangi?
5. Mahindi yaliyoota kuvu yakipikwa sana, je, yanafaa kuliwa?

Kazi ya nyumbani ni fupi. Chukua kipande cha karatasi ngumu, uandike kwa herufi kubwa maneno mawili tu:

FUNGA BOMBA

Kitundike juu ya bomba lako, mahali ambapo kila anayelala mwisho atakiona. Kama kuna tangi juu ya dari, mwombe fundi alitazame boya. Kama kuna tangi la samaki, usiondoke karibu nalo mpira ukiwa ndani. Watoto wako wanaosoma shule watakisoma kibao hicho, na watajua kwamba kimeandikwa kwa mkono wako.

Wiki ijayo, siku kama ya leo na saa kama hii, tutasoma namna ya kusoma ankara ya maji. Aliye na ankara nyumbani aje nayo. Kwaherini.